Ala ya Ngozi

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa la watu wengi wanaonunua kisu cha kuzamia ni kukichagua kana kwamba papa amewaita ugomvi. Wanataka kirefu, cheusi, chenye ncha ya kutisha, wakifunge kwenye muundi wa mguu na wapigwe picha. Marahaba, Chura wangu. Nimeanza na kosa kabla ya salamu kwa sababu wewe uliliweka swali mwanzo wa barua na shikamoo mkiani, nami nimekufuata.

Samaki hana ugomvi nawe. Adui yako kule kwenye vizimba vya kufugia samaki ni vitu visivyo na roho: wavu uliolegea, kamba ya nanga, mshipi wa nailoni aliopoteza mvuvi, ambao huuoni hadi umekukamata. Kwa hiyo chombo chako ni cha kukata, si cha kuchoma. Ncha iwe butu, maana aliyenaswa huhangaika, na mwenye kuhangaika na ncha kali hutoboa jaketi lake, au mpira wake wa hewa, au mwenzake. Makali yawe ya namna mbili: upande laini kwa mshipi, upande wenye meno kwa kamba nene. Chuma cha pua kinatosha, ilmradi kila jioni ukioshe kwa maji yasiyo na chumvi, ukikaushe na ukipake mafuta kidogo.

Kisha mahali pa kukiweka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kisu kilicho mguuni ni fimbo ya mbali. Wavu ukikubana mabega hutaweza kuukunja mgongo ukakifikia; tena kamba hupenda kujisokota papo hapo penye mpini. Kiweke kifuani au tumboni, ambapo mkono wowote unafika bila kutafuta. Nimesema wowote, kwa sababu wavu haukuulizi wewe ni wa kulia au wa kushoto.

Na usishuke na kimoja. Huyo mwenzako mnayemwita Makasi, ambaye unaniandikia kwamba mnamcheka kwa kushuka na makasi ya kukatia bandeji kama muuguzi aliyepotea wodi, acha kumcheka na ununue kama yake. Makasi hukata mshipi, kamba na hata waya mwembamba kwa mkono mmoja, bila kungoja uikaze kamba kwanza. Kisu mbele ya kamba iliyolegea ni kijiko.

Ila kisu usinunue. Nakutumia changu, kile kilichoning'inia juu ya cherehani tangu nilipoacha kazi ya bandarini. Ala yake ya mpira imepasukapasuka, na mimi siku hizi ni fundi wa ngozi. Siwezi kumpa mtoto wa dada yangu kisu kilicho uchi. Nimekata ngozi ya ng'ombe, ile nene ya mikanda, nimeipiga mishono miwili, nikaweka ulimi wa ngozi juu ya mpini wenye kifungo cha shaba ili kisikudondoke. Nimekichomoa mara nyingi hapa kigodani pangu. Kinatoka na kuingia bila hata kukwaruza.

Usinipigie simu. Masikio yangu unajua niliyaacha kule chini. Andika, na dereva wa lori la chakula cha samaki ataleta. Ni mtu mwaminifu, ingawa ana maneno mengi.

Mjomba wako


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Leo shikamoo imetangulia, usije ukanisema tena.

Kisu kimefika! Laiti ungeona. Sisi tunavalia ndani ya kontena lililotobolewa dirisha, kila mtu na kulabu yake ukutani, na sakafuni maji hayakauki. Nilipofungua kile kitambaa ulichokifungia, harufu ya ngozi mpya ikashinda hata harufu ya chakula cha samaki, na hilo si jambo dogo. Wote walisogea. Msimamizi mwenyewe alikishika, akakigeuza, akasema, “Huyu katoka kwenye ukoo wa kazi.” Mjomba, siku ile nilitembea kama mtu aliyevishwa nishani.

Makasi peke yake ndiye aliyebaki amekaa anavaa viatu vyake vya mpira. Akaniuliza, “Hicho ni kisu au bwana harusi?”

“Ni cha mjomba. Alikuwa anazama kabla wewe hujajua kuoga.”

“Basi mfungulie mwavuli, asije akalowa.”

“Makasi, wivu utakuua.”

“Wivu wa nini, mwanangu? Mimi nikitaka ngozi navaa kiatu.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Hatuna umri wa kuitana mwanangu, kanizidi miaka michache tu, lakini ndiye wangu wa kushuka naye, na mdomo wake huo hauna breki.

Nimekifunga tumboni kama ulivyosema. Nilikichomoa juu ya gati kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kikatoka vizuri. Makasi ya bandeji bado sijanunua. Nikiwa na kisu chako naona kama ni kukutukana. Nitanunua, usijali.

Mpwa wako


24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa ukimya. Kazi zimekuwa nyingi na mimi mzima wa afya, ila nipo juu kwa sasa, nahesabu magunia ya chakula na kufua nyavu. Ni masikio tu. Yatapona.

Huku nako kulikuwa na jambo. Mwenzetu mmoja alinaswa kwenye wavu wa nje wa kizimba. Alitolewa, hana jeraha la kusema. Kisu alikuwa nacho ila hakikuchomoka. Nilitaka kukuuliza wewe unayejua: mtu kama huyo, kosa ni lake? Watu hapa wanabishana.

Mama anasema unakohoa. Kunywa maji ya moto.

Mpwa wako


30 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Kikohozi ni vumbi la ngozi, mwambie dada yangu asinizike mapema. Masikio yako nenda kayaonyeshe hospitali, usifanye nilivyofanya mimi.

Swali lako ni zuri na jibu lake si gumu. Kosa ni lake. Mzamiaji hukijaribu chombo chake katika hali atakayokihitaji: kikiwa kimelowa, glavu mkononi, macho yamefumbwa. Na si siku ya kwanza tu. Kila wiki, kwa sababu chumvi haina likizo. Anayeshuka na chombo ambacho hajakijaribu hivyo amebeba pambo, na pambo chini ya maji ni uzito. Mwambie mwenzako asione haya. La, hapana. Na aone haya kidogo. Haya ni dawa chungu lakini hushusha homa. Na kama kuna aliyempa chombo hicho bila kukijaribu majini, basi huyo mtoaji ana kosa kubwa zaidi. Huyo si mwalimu, ni mchuuzi.

Sasa nami nina swali, na nimekaa nalo siku kadhaa nikilizunguka. Dereva wa lori aliniambia amekuona gatini zaidi ya mara moja na hakukiona kisu changu. Alimuuliza mtu, huyo mtu akageuza mazungumzo. Barua yako nzima haikukitaja. Mpwa wangu, kama umekiuza kwa shida, sema. Nitaumia, lakini shida naijua. Kinachoniuma ni kudhani kwamba unanificha.

Nakuuliza pia kwa sababu nyingine. Wazamiaji wawili wa hapa bandarini waliiona ile ala nilipokuwa naishona, nao wakaagiza za kwao. Nimezimaliza. Ni nzuri kuliko yako, mkono umeshazoea. Wanakuja kuzichukua Jumamosi, na ningependa kuwaambia kwamba ya kwanza iko kazini na haijaleta lawama. Niandikie neno hilo tu.

Mjomba wako


2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Usiwape hizo ala. Kama barua hii imekukuta unakula, acha chakula. Nimemwomba dereva akuletee mkononi na asimame mbele yako hadi umalize kusoma.

Aliyenaswa ni mimi.

Tulishuka asubuhi kukagua kizimba cha mwisho. Wavu wa nje, ule wa kuzuia samaki wakubwa wasije kula wetu, ulikuwa umelegea upande mmoja. Nilipita karibu kuliko nilivyopaswa. Mkondo ukauleta wavu mgongoni kwangu, ukashika kichwa cha mtungi wa hewa, na nilipogeuka kuutoa nikawa nimejifunga mwenyewe mkono wa kushoto. Nilifanya ulivyonifundisha. Nilisimama. Nilivuta pumzi polepole. Nikapeleka mkono tumboni.

Kifungo hakikufunguka. Ile ngozi ilikuwa imevimba, tundu limebana msumari wa kifungo, na kwa glavu nilikuwa kama mtu anayefungua kishikizo cha shati kwa kiwiko. Nilipofanikiwa, ukucha ulikuwa umeshaondoka. Nikavuta mpini. Kisu hakikutoka. Nilivuta hadi jaketi zima likanipanda kifuani, na kisu kimo ndani ya ala kama jino. Wiki zote za kulowa na kukauka ngozi ilikuwa inajikaza kidogo kidogo, nami nilikuwa naipaka mafuta juu na kuisifu. Nilikijaribu kikiwa kikavu tu, Mjomba. Kila asubuhi kabla ya kushuka nilikigusa mpini, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha funguo zipo.

Geji ya hewa nilikuwa naiona. Sitakuandikia ilisomaje.

Makasi alikuja kutoka upande wa chini. Hakukimbilia wavu. Alinitazama machoni kwanza, akafungua kiganja: tulia. Kisha akaanza kukata, na ile sauti naisikia hadi leo, kacha, kacha, kama fundi cherehani asiye na haraka. Alinishika jaketi tukapanda pamoja, polepole, na muda wote huo sikuweza kumtazama.

Juu ya gati alichukua kile kisu, akaikanyaga ala kwa mguu, akavuta kwa mikono miwili. Kikatoka mara ya pili. Nilingoja aseme neno, unajua mdomo wake. Akakiweka kisu kando ya mguu wangu, akaanza kuvua mtungi wake. Hakuna aliyecheka. Ningefurahi wangecheka.

Msimamizi akauliza, “Ala hii nani katengeneza?”

Nikamwambia kisu ndicho cha mjomba, lakini ala nilishonesha mwenyewe kwa fundi viatu wa kona, mlevi mmoja. Mmoja wetu akasema fundi huyo angefungwa. Nikaitikia, Mjomba. Nikasema ndiyo, angefungwa.

Jioni Makasi alinikuta nafua nyavu. Akasema, “Huyo mlevi wa kona, mishono miwili imenyooka vile, anakunywa nini? Na sisi tunywe.” Akaondoka. Anajua.

Masikio yangu mazima. Sijashuka tangu siku ile. Kila nikivaa jaketi mikono inatafuta kitu tumboni, halafu nakumbuka kwamba uliniambia ninunue makasi na sikununua, kwa sababu nilikuwa namcheka yule yule aliyenitoa. Msimamizi amesema mwisho wa wiki ijayo niamue: nirudi majini, au nafasi yangu apewe mwingine nami nibaki kwenye magunia. Sijui nitamwambia nini.

Uliandika kwamba aliyetoa chombo ni mchuuzi. Nilisoma sentensi ile nimesimama nyuma ya kontena na nikakusikitikia kuliko nilivyojisikitikia mimi. Ningeweza kukuficha hadi mwisho. Lakini kuna watu wawili.

Ala naileta pamoja na barua, na kisu kimo ndani. Usiniamini mimi. Iloweke kwenye beseni, vaa glavu, ujaribu mwenyewe.

Mpwa wako


7 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Nimejaribu.

Nilijaza beseni, nikatia chumvi ya jikoni, nikailoweka. Kisha nikavaa glavu zangu za zamani, nikafumba macho, nikaenda kwenye kifungo. Dereva alikuwa amesimama mlangoni kama ulivyomwagiza. Sikuweza kukifungua. Nilikaa kigodani maji yakinichuruzika viwikoni, na mbele yangu ukutani kuna ule msumari na doa jeupe lenye umbo la kisu pale kilipokuwa kinaning'inia.

Lakini sikukaa sana, maana ala moja ilikuwa imeshaondoka. Yule mzamiaji mmoja hakungoja Jumamosi. Alipitia siku moja kabla, akaisifu, nikaifunga kwenye karatasi nzuri. Dereva akanipakia kwenye lori. Langoni bandarini mlinzi hakunijua, kijana mgeni, ikabidi nimweleze mimi ni nani na nilifanya kazi gani pale, na kila nililojisifia lilizidi kunichoma kwa sababu ya nililokuja kusema.

Nilimkuta mtu wangu amekaa ukingoni mwa boti, miwani ya maji pajini, ala imefungwa tumboni. Inang'aa. Nikamwita kwa sauti kubwa, unajua sisi viziwi hatuna sauti ndogo. Nikasema: “Vua hiyo. Nimeishona vibaya. Ngozi hubana ikilowa, na mimi nalijua hilo kabla hujazaliwa. Mpwa wangu nusura afe nayo.” Wenzake walikuwa wengi. Niliona midomo ikisogea, niliona mmoja akimpiga mwenzake kiwiko, niliona meno. Sikusikia walichosema. Kwa mara ya kwanza niliyashukuru masikio yangu. Aliivua. Alinirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, na hilo ndilo lililonivunja nguvu kuliko vile vicheko.

Ya pili haikutoka karakana. Zote mbili nimezikatakata, zitakuwa soli za ndani.

Sasa nikueleze, maana kueleza ndiyo kazi niliyobaki nayo. Utajiuliza mtu anayejua aliwezaje kusahau. Hakusahau, Chura wangu. Nilikuandikia kurasa nzima za ncha, makali na mahali, na yote yalikuwa kweli. Lakini nilipofika kwenye ala sikuwa mzamiaji tena. Nilikuwa fundi wa ngozi anayetaka kazi yake ionekane. Nilitamani kushuka nawe kule chini bila kulowa. Ndiyo maana nilikijaribu kisu kigodani. Mganga hajigangi, na mimi hata homa sikuihisi.

Umejilaumu sana kwenye barua yako, na sitakudanganya kwamba huna lako. Ulinitii pale nilipokosea, ukaniasi pale nilipopatia. Ungefanya kinyume ungekuwa salama. Mkubwa akikupa kitu kwa mapenzi, mshukuru, kisha kiloweshe. Mapenzi hayazuii ngozi kuvimba. Na kama angechukia kwa sababu umekijaribu, basi hakukupa wewe, alijipa mwenyewe.

Ile sentensi ya mchuuzi naiacha ilivyo. Niliandika kwa hasira dhidi ya mtu nisiyemjua, na sasa namjua.

Lililonikosesha raha kuliko yote ni yule mlevi wa kona. Ulinitengenezea mtu wa kubeba aibu yangu, ukaitikia afungwe. Nimelielewa pendo lililo ndani yake. Lakini kesho mtu mwingine pale kwenu atamwendea fundi mzuri, asiye mlevi, amshonee ala ya ngozi, akiamini kwamba tatizo lilikuwa pombe. Umeona uongo wa heshima unavyoweza kuzamisha mtu?

Kwa hiyo nimekutumia kifurushi. Ndani yake mna ile ala. Nimeandika juu yake kwa wino usiofutika: “Aliishona mjomba wake, mzamiaji mstaafu. Hakuilowesha.” Itundike kwenye kulabu, pale ndani ya kontena, kila anayevaa aione. Kisu hakimo. Nimekirudisha msumarini, bila ala, ndipo mahali pake.

Mwambie Makasi kwamba mjomba wa Chura anamwamkia. Najua ni mdogo kwangu na kuamkia si kwangu kuanza, lakini safari hii mimi ndiye ninayeanza. Mwambie pia anywe na huyo mlevi, gharama juu yangu.

Kuhusu msimamizi wako, sitakuamulia. Nitasema hili tu: mikono inayotafuta kitu tumboni na kukikosa si woga, ni mikono yenye akili. Ipe kitu cha kupata.

Juu ya kifurushi nimechomeka makasi ya kukatia bandeji, mapya, ndani ya mfuko wa plastiki mgumu wenye matundu ya kupitisha maji. Nimeyalowesha siku nzima kwenye chumvi na yamechomoka, kwa glavu, macho yamefumbwa, kulia na kushoto. Lakini usiniamini mimi. Na kifurushi chenyewe nimekifunga kwa mshipi wa nailoni, mafundo ya kila namna niliyowahi kukutana nayo chini ya maji, na hakuna fundo hata moja linalofunguka kwa vidole.

Yafunge makasi hayo kifuani mwako, vaa glavu, ingia majini hadi mabegani hapo hapo penye ngazi ya gati, Makasi akiwa kando yako, fumba macho, na ukikate kifurushi hiki kwa mkono wa kushoto, leo.

Mjomba wako